Mstari Usiokuwa wa Mfalme

Sehemu ya tisa

Lenzi ilimponyoka. Hapo ndipo nilipowaacha, na najua mmenisema vibaya wiki nzima. Msomaji mmoja wa Mkolani amekuja mpaka hapa ofisini kuniambia kwamba Selina akifa ataanza kununua gazeti la jirani. Ndugu yangu, Selina yuko mikononi mwa Bwana Mayala, siyo mikononi mwangu. Kama unataka kumbembeleza mtu, nenda ukambembeleze Mayala.

Lenzi ilimponyoka, ikabingirika kwenye vigae mpaka ikagusa kiatu cha Bwana Mayala. Mayala hakuinama kuiokota.

"Umeona nini, mama?"

"Kizunguzungu tu, mzee. Sijala tangu asubuhi."

"Oluoch, mpe mama maji."

Oluoch, yule dereva mrefu aliyemleta na Pajero, alikwenda jikoni akarudi na glasi. Selina aliipokea kwa mikono miwili na bado maji yakamwagikia gauni. Alikunywa taratibu ili apate muda. Alichokiona kwenye ile sarafu hakikuwa cha kusema mbele ya watu hawa.

Aliona mkono wa mumewe, na mumewe ni marehemu.

Sasa wewe uliyeanza kusoma leo, maana hamkosekani, sogea nikueleze mara moja na sirudii tena. Selina ni mke wa Luhende, fundi wa mihuri aliyekuwa na meza yake pale mjini. Mwaka jana Luhende alipanda boti ya kwenda Ukerewe. Boti ikapinduka, maiti nyingi zikaopolewa, ya Luhende haikuonekana. Watu wakakaa msiba bila mwili. Selina alikuwa na mimba changa ambayo hata mumewe hajaambiwa. Alijifungua mtoto wa kike siku ya mvua, akamwita Kabula.

Na kusoma sarafu za kale alikujulia wapi? Kwa marehemu Padri Antoni, mzee aliyekuwa na makabati ya fedha za wafalme waliokwisha kufa zamani. Selina alimfanyia kazi tangu usichana. Alizisafisha, akazipanga, na padri akamfundisha herufi za Kigiriki. Padri alipofariki, huku kwetu hakubaki mwingine wa kuzisoma.

Ndiyo maana mchana huu Bwana Mayala, dalali wa dhahabu aliyenona ghafla tangu biashara ifunguliwe, alimtuma Oluoch amchukue Selina kule Buzuruga na kumleta kwenye nyumba hii ya Luchelele, ufukweni, nyuma ya majabali. Aliambiwa ni kazi ndogo. Selina akaomba wapite kwanza kwa jirani yake Anyango, amwambie abaki na mtoto mpaka jioni. Oluoch akasimamisha gari mlangoni kabisa kwa Anyango, akasubiri, akaangalia.

Mlisoma kipande hicho haraka haraka mkitaka kufika kwenye bastola. Haya, bastola ipo. Iko juu ya televisheni, imelazwa kwenye kitambaa cha kufuma, na ufunguo wa mlango uko mfukoni mwa Mayala.

Tuendelee.

Zile alama za kwenye sarafu Padri Antoni aliziita mafundo. Jina la mfalme lilikuwa refu na sarafu ilikuwa ndogo, kwa hiyo fundi alizibebanisha herufi zote mahali pamoja, hii ikiegemea ile, mguu mmoja ukitumiwa na herufi mbili tatu. Asiyejua anaona vijiti vilivyovurugika, kama lango la zizi lililovunjwa. Anayejua anaona jina. Na sheria ni moja, padri aliirudia mpaka Selina akaichoka: kila mstari una herufi yake. Ukibakiwa na mstari usio na herufi, ama umesoma vibaya, ama sarafu inakudanganya.

Selina hakuwa amesoma vibaya. Nguzo mbili na mshazari katikati yake, hiyo N. Nguzo yenyewe peke yake, I. Kijiti kilicholala juu ya nguzo ya kushoto, T. Kijiti kingine kifupi kati ya mshazari na nguzo, A. Kiduara kileleni, O, na panda iliyosimama juu yake, U. Pembeni S ya kizamani, imejikunja kama ndoana. Yustiniano, mfalme wa Warumi wa mashariki. Alikuwa tayari kusema kazi imekwisha, aombe nauli, aende akamnyonyeshe mwanawe.

Halafu akaona kijistari kwenye unyayo wa nguzo ya kulia. Kifupi, kimeinama kuelekea nje. Hakikuwa cha N, wala cha A, wala cha herufi yoyote.

Kwa kina Luhende, kule Magu, ng'ombe wana chapa ya mzee Ndalahwa, baba yake. Kijana akigawiwa ng'ombe wake hawezi kuichukua chapa hiyo kama ilivyo. Kwao, kuweka alama ya mtu mwingine kama ilivyo ni wizi, hata kama huyo mtu ndiye aliyekuzaa. Kijana anaongeza mstari mmoja kwenye mguu wa chapa, upande wa kulia, umeinama nje. Hapo ng'ombe ni wake. Akipata mtoto, anaongeza wa pili chini ya ule wa kwanza.

Luhende alikua na jambo hilo, likamwingia mkononi. Hata alipoletewa muhuri wa zamani autengeneze upya, alikuwa anapachika kijistari mahali pasipoonekana. Selina alimcheka. Luhende alimjibu kwamba hawezi kunakili alama ya mtu kisha akalala usingizi.

Basi huyo ndiye mtu aliyetengeneza sarafu ya Yustiniano.

Selina akatua glasi mezani. Tangu aingie humu alikuwa anasikia nyundo nyuma ya nyumba, na Mayala alikuwa amesema ni mafundi wanatengeneza mtumbwi. Sasa aliisikiliza vizuri. Fundi wa mtumbwi hupigilia msumari, anapiga na kupiga mpaka uzame. Nyundo hii ilipiga pigo moja zito, ikanyamaza, ikapiga moja, ikanyamaza. Mtu anayegonga sarafu kwenye chapa ya chuma hupiga hivyo.

Yu hai. Yuko nyuma ya ukuta huu. Furaha ilimpanda Selina mpaka kooni, na papo hapo hofu ikaifuata na kuikaba, kwa sababu mtu anayefungiwa mwaka mzima hafungiwi ili aje aachiwe.

Mayala aliiokota lenzi hatimaye. Akaifuta kwa leso, akairudisha mbele ya Selina. Kisha akamwita Oluoch pembeni, akamnong'oneza. Oluoch akaitikia kwa kichwa, akafunguliwa mlango, akatoka. Pajero ikanguruma na kuondoka.

"Amekwenda kumpokea mgeni?" Selina akauliza.

"Mgeni ana gari lake."

Selina akataka kuuliza basi Oluoch amekwenda wapi. Akaogopa jibu.

"Nisikilize sasa," Mayala akasema, akivuta kiti. "Anakuja mnunuzi. Yeye anamwamini mwanafunzi wa Padri Antoni kuliko mtu yeyote. Atakuuliza kama hizi ni za kweli. Utamwambia ni za kweli. Wavuvi wangu wamezinasa kwenye nyavu za sangara, ndani ya chungu."

(Ninyi vijana wa Mwaloni, msije mkapiga mbizi kutafuta chungu. Hakuna chungu. Huyu mtu ni mwongo.)

"Na kama si za kweli, mzee?"

"Basi aliyeniletea amenidanganya. Mtu akinidanganya mimi, namlaza ziwani siku hiyo hiyo." Akasema hivyo akimenya chungwa, bila kupandisha sauti. "Kwa hiyo angalia vizuri unachosema. Kuna mtu anakula au hali kwa mdomo wako."

Nyundo ikapiga. Selina akaitikia kwamba ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa. Akisema bandia, Luhende anakufa leo. Wala hakujua Mayala anajua kiasi gani kuhusu yeye.

Walikaa. Chai ikaletwa na mpishi asiyesema neno, ikapoa. Mayala akala chungwa lote, akafuta vidole kimoja kimoja. Mgeni alichelewa sana, na kila dakika Selina alihesabu mapigo ya nyundo ili ajue mumewe bado anapumua.

Gari likasikika juu ya majabali.

Selina alikuwa anamngojea Mzungu wa kutafsiriwa maneno, mtu ambaye angeweza kumdanganya kwa urahisi. Aliyeingia ni mzee mwenye kofia ya ukindu na fimbo, anaitwa Kosta, Mgiriki aliyezaliwa Tanga. Baba yake alikuwa na mashamba ya mkonge kabla hayajataifishwa. Familia iliondoka. Sasa milango ya nchi imefunguliwa, naye amerudi, anazunguka mikoani akinunua vitu vya kale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye wa Padri Antoni?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana kwa msiba. Tuliandikiana miaka mingi, hatukuwahi kuonana." Akaketi, akavua kofia, akatoa lenzi yake mwenyewe. "Mimi Kigiriki changu ni cha kugombana na mama yangu jikoni. Herufi nazijua. Mafundo haya ndiyo yananishinda. Nisomee, herufi moja moja. Ukiruka nitakuona."

Mayala akahamia kwenye kiti cha karibu na televisheni.

Selina akaanza. Akaonyesha N, mzee akaifuata kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Akaonyesha T. "Ehe," mzee akasema. Akaonyesha A, akaonyesha O na U yake, akaonyesha S. Njiti ya kiberiti ilikwenda nayo yote, ikarudi, ikashuka kwenye nguzo ya kulia mpaka chini. Ikasimama.

"Na huu?"

Nyundo ikapiga.

"Upi, mzee?"

"Huu hapa mguuni. Padri aliniandikia kwamba kila mstari una herufi yake. Huu umebaki. Ni wa nani?"

Selina alitazama njiti ile. Pembeni Mayala alikuwa ameinua kichwa. Kosta alikuwa anangoja, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, umeanza kuwa uso wa mtu anayetaka kuchukua kofia yake na kuondoka. Akiondoka, mtu analazwa ziwani.

"Huo si herufi," Selina akasema. "Huo ni mtoto."

"Mtoto?"

"Mfalme akimpa mrithi wake sehemu ya utawala wangali hai wote wawili, mrithi hafuti jina la baba. Wala hawezi kulichukua kama lilivyo, kwa sababu hilo ni la baba. Analiacha, halafu anaongeza mstari wake mguuni, umeinama nje. Watu wakiuona wanajua hii mali ni ya mtoto, ila ukoo ni ule ule."

Maneno yalimtoka yamenyooka, maana kwa ng'ombe wa Magu yalikuwa kweli tupu. Kwa wafalme wa Warumi yalikuwa uongo, na mwanafunzi atakayeyaandika kwenye mtihani asije kunilaumu mimi. Ulikuwa uongo wa mwanamke aliyebanwa.

"Padri alikufundisha hili?"

"Padri alilitafuta mpaka anafariki, mzee. Hakuwahi kuiona sarafu yenyewe." Moyoni akamwomba marehemu amsamehe.

Kosta akaweka lenzi chini.

"Basi hii haipo kwenye kitabu chochote," akasema polepole. "Bwana Mayala, ziko ngapi zenye mstari huu?"

"Zote," Mayala akajibu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini Kosta hakumjua vya kutosha kuisikia.

"Usimuuzie mtu mwingine hata moja. Kamera yangu iko garini. Naipanda hiyo njia yenu ya mawe taratibu, magoti haya si ya jana, halafu nakuja tumalize." Akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Binti, Padri angefurahi."

Fimbo yake ikagonga mawe, ko, ko, ikaenda ikififia. Selina akapumua mara ya kwanza tangu mzee yule aketi. Amemwokoa. Alitaka kulia kwa furaha, na kwa nusu dakika hivi alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wa kanda ya ziwa.

Nawaambia mfurahi naye, kwa kuwa nusu dakika hiyo imekwisha.

Mayala alifunga mlango kwa ufunguo. Akarudi, akaketi palepale alipokuwa ameketi Kosta. Akaichukua ile sarafu, akaishika karibu na jicho. Alipofungua mdomo alikuwa ameacha Kiswahili, anaongea Kisukuma, kile cha vijijini, cha kuongea na wazazi.

Alisema kwao ni Usagara, huku huku Usukumani. Alisema kabla ya dhahabu, na kabla ya dishi lililoko juu ya paa, baba yake alikuwa na zizi, na yeye mwenyewe amechunga mpaka ndevu zikaota. Alisema ameshika chuma cha moto kwa mkono huu hapa.

Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alimtazama Mayala akaona suti, saa ya mkononi na Pajero. Alikuwa anamwogopa Kosta peke yake, akasahau kwamba aliyeketi pembeni ya televisheni ni mtoto wa wafugaji.

"Alama ya baba inabaki," Mayala akasema, amerudi kwenye Kiswahili. "Mtoto anaongeza mstari mguuni. Hebu niambie, mama. Wafalme wa Warumi walikuja lini Usukumani kujifunza?"

Selina akautazama mlango uliofungwa.

"Nimekaa na sarafu hizi nikidhani ni makwaruzo tu, yote sawa. Kumbe mumeo ametia chapa yake kwenye mali yangu. Na wewe ukaiona. Lenzi haimponyoki mtu kwa njaa."

Mumeo. Kwa hiyo alijua tangu mwanzo. Kitu kikamkatika Selina ndani, na cha ajabu, kilipokatika akapata sauti.

"Ndiyo, ni yeye. Nataka kumwona."

"Unataka."

"Usiponiletea, mzee Kosta akirudi namwambia fundi wa Yustiniano yuko nyuma ya nyumba, aende akamsalimie. Uone kama atanunua hata kifungo kwako."

Mayala akalamba midomo yake iliyokauka. Aliangalia dirisha, upande wa njia ya mawe. Selina akaona kwamba na yeye anaogopa, na hilo halikumpa faraja, kwa sababu mtu wa namna hii akiogopa ndipo anapoua.

"Sawa," Mayala akasema. Akasimama. "Sawa, mama Kabula."

Akachukua bastola juu ya televisheni, akakirudisha kile kitambaa cha kufuma vizuri mahali pake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama Kabula. Selina alilirudia jina hilo kimoyomoyo. Tangu aingie humu hakuwa amemtaja mtoto wake.

Nyundo ikapiga mara moja. Haikupiga tena.

Alikimbilia dirishani. Lina nondo. Kule juu alimwona Kosta amefika kwenye gari lake, ameinama, anapekua kitu kwenye kiti cha nyuma. Angeweza kumpigia kelele akasikia. Akafungua mdomo, halafu akakumbuka bastola iko wapi na iko karibu na nani, akaufunga. Akashika nondo, akaomba Salamu Maria, akaipoteza katikati, akaanza upya. Nyuma ya nyumba kulikuwa kimya. Hakuna mlio wa risasi, hakuna nyundo, hakuna chochote. Aliogopa ule ukimya kuliko alivyowahi kuogopa kitu, kuliko siku ile ya boti.

Mayala akarudi bila haraka, koti la suti limefungwa vifungo vyote. Akauchukua mkono wa Selina, akaweka kitu kiganjani, akamkunja vidole juu yake.

Kilikuwa cha moto. Selina nusura akitupe.

"Imetoka sasa hivi. Fedha anaipitisha kwanza kwenye mkaa, ndipo inalainika. Fungua usome. Si ndiyo kazi yako?"

Alifungua. Fundo lilikuwa lile lile, nguzo mbili na mshazari. Akashuka moja kwa moja mpaka kwenye unyayo wa kulia, hakuhitaji lenzi. Mstari, umeinama nje. Na chini yake mstari wa pili.

Luhende alikuwa anajua ana mtoto.

Selina akaziba mdomo kwa mkono mwingine. Mume aliyepanda boti bila kuambiwa habari ya mimba, huyu hapa anamjibu kupitia kipande cha fedha, anasema nimesikia, huyo ni wangu. Machozi yakamtoka na hakuyazuia.

"Asubuhi nilimwambia," Mayala akasema. "Nilitaka apate nguvu ya kazi. Akainama tu kwenye chapa yake. Kumbe alikuwa anaandika barua mbele ya macho yangu." Akatikisa kichwa. "Baadaye akaniomba amwone. Mimi si mtu mbaya, mama. Nimemletea."

Na hapo, kutoka nyuma ya nyumba, mahali ilipokuwa nyundo, mtoto akalia.

Nyinyi akina mama mnaosoma hapa hamhitaji nieleze. Kilikuwa kilio cha njaa, kinachoanza kidogo na kupanda, chenye kikwikwi katikati. Selina angekitambua katikati ya soko. Maziwa yakamchuruzika kifuani, yakalowesha gauni palepale maji yalipokuwa yamemwagika.

"Anyango hawezi kumtoa mtoto kwa mtu asiyemjua," akasema, kama mtu anayeweweseka.

"Oluoch anamjua. Si ulimsimamisha wewe mwenyewe mlangoni kwake? Alimwambia umemtuma, mtoto akanyonye. Akampa na nepi. Wameingia kwa njia ya nyuma, wewe ukimsomea mzee."

Fimbo ikaanza kugonga mawe. Ko, ko, inashuka.

Mayala alisogea, akamwongelesha sikioni. "Mzee akiingia, utarudia vile vile ulivyosema. Mfalme na mtoto wake. Ukisema hivyo, wote watatu mtakula pamoja usiku wa leo. Ukiongeza neno moja, Oluoch yupo naye kule, na ziwa liko hatua chache." Akamfuta machozi kwa leso yake iliyonuka chungwa. Kisha akaenda kufungua mlango, ameshatabasamu.

Kosta akaingia anahema, kamera shingoni. Akasimama, akasikiliza.

"Kuna mtoto humu?"

"Wa mpishi," Mayala akasema. "Ananisumbua kila siku."

"Mtoto mwenye njaa huyo. Mpelekeeni mama yake." Mzee akaketi, akamgeukia Selina. Akaona macho mekundu. Akaona gauni. Akatazama kifua kilicholowa, akatazama upande wa nyuma kilio kinakotoka, na uso wake ukatulia kabisa.

"Binti, kabla sijapiga picha nakuuliza mara ya mwisho. Padri hakukufundisha kunidanganya. Sarafu hizi ni za kweli?"

Selina alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, na alikuwa tayari kulisema. Kwa Kabula angeliapa hata juu ya kaburi la padri. Lakini vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa bado vimekunjwa, vimebana kwa nguvu, na mzee alikuwa ameviona.

"Umeshika nini hapo?"

"Hakuna kitu, mzee."

Mayala akapiga hatua moja. Alichelewa. Mzee alikwisha kuushika mkono ule kwa upole, akavikunjua vidole kimoja kimoja, akaichukua sarafu kwa vidole viwili. Akaihamishia haraka kwenye kiganja cha pili. Akairudisha kwenye kile cha kwanza.

Kule nyuma, mtoto akanyamaza ghafla.

"Binti," Kosta akasema polepole, bila kumtazama Mayala, "mbona hii ina moto?"